Uliza Kilikopita: Kuzitambua Aina za Kifua Kikuu cha Ngozi

Una kidonda kilichokaa miezi mitatu na hakifungi. Kila uliyemwonyesha amekipa jina lake: dukani wamekuambia fangasi, zahanati wamekuambia jipu, jirani amekunong'oneza kwamba umetupiwa kitu. Umepaka, umemeza, umechanjwa. Huenda swali moja hujaulizwa bado: nyumbani kwenu nani anakohoa?

Swali hilo linaonekana halina uhusiano na ngozi, na tatizo linaanzia hapo. Jina "kifua kikuu" limetuzoesha kuutafuta ugonjwa kifuani tu, tukadhani asiyekohoa hana TB. Lakini bakteria ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 hajafunga ndoa na mapafu. Hukaa kwenye matezi, kwenye mifupa ya uti wa mgongo, kwenye figo, kwenye utumbo, na mara chache kwenye ngozi. Ni mara chache kwelikweli: katika kila wagonjwa 100 wenye kifua kikuu kilicho nje ya mapafu, wa ngozi huwa mmoja au wawili. Uchache huo ndio unaowaponza. Tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa wa namna hii, na siku akimwona, akamwandikia dawa ya jipu kwa nia njema kabisa.

Mwongozo huu haukufanyi uwe daktari, wala hauna picha ya kulinganisha na mguu wako. Unakuonyesha jinsi wataalamu wanavyozipanga aina za ugonjwa huu, ili jina likiandikwa kwenye kadi yako ujue linasema nini juu ya mwili wako wote. Majina yenyewe ni magumu, mengi ya Kilatini, na ukiyasikia mara ya kwanza utadhani yametungwa ili kumtisha mgonjwa. Lakini karibu kila moja limebeba habari ya safari: bakteria alitoka wapi, akapita wapi, akaikuta ngozi katika hali gani.

Maswali mawili ya mpangilio

Swali la kwanza ni la njia. Bakteria anaweza kuingia kutoka nje, kupitia mchubuko, mwiba au sindano chafu. Anaweza kutoka kwa jirani wa chini, yaani tezi au mfupa ulioathirika ukapasuka na kuitoboa ngozi iliyo juu yake. Anaweza kusafiri kwa damu kutoka mapafuni au penginepo na kutua mbali kabisa na alikoanzia. Na anaweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, pale makohozi, mkojo au kinyesi chenye bakteria kinapopita midomoni au sehemu za siri na kupanda ugonjwa hapo.

Swali la pili ni la idadi. Kuna aina ambazo ngozi imejaa bakteria, na kuna aina ambazo wapo wachache mno. Kinachoamua ni kinga ya mwili. Kinga ikilala, wanazaana. Kinga ikiwa macho, inawabana, na sehemu kubwa ya uharibifu unaouona ni vurugu ya hiyo vita.

Kwako wewe, swali hili la pili lina faida moja kubwa. Ukiwa na aina yenye bakteria wachache, kipimo cha darubini kinaweza kutoka "hakuna kilichoonekana" hali ugonjwa upo. Usikubali karatasi hiyo peke yake ifunge jalada lako.

Tezi lililopasuka

Naanza na hii kwa sababu ndiyo utakayoiona zaidi kwa watoto na vijana. Madaktari huiita skrofuloderma. Huanza na uvimbe shingoni, chini ya taya, kwapani, au juu ya mfupa fulani. Uvimbe ni mgumu, hauumi sana, na ngozi ya juu yake haichemki kama ya jipu la kawaida. Ndiyo maana huitwa jipu baridi. Wiki au miezi inapita. Uvimbe unalainika, ngozi inageuka rangi na kuwa ya zambarau iliyokolea, kisha inapasuka na kutoa majimaji yenye vipande vyeupe kama jibini. Tundu moja linakuwa mawili, matatu. Kingo za kidonda zinaning'inia: ukipitisha kijiti cha pamba chini yake kinaingia ndani zaidi ya unavyodhani. Kikipona upande mmoja, kinaacha kovu lenye mikunjo na vidaraja vya ngozi, huku upande wa pili kikiendelea.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni kupasua. Mtu anaona jipu, anachukua wembe au anampeleka mtoto likakamuliwe, halafu anashangaa tundu halifungi miezi sita. Ukiona uvimbe wa shingo usio na joto, uliodumu zaidi ya wiki mbili tatu, usiukamue. Omba uchomwe sindano ya kunyonya majimaji yakapimwe. Aina hii ina bakteria wengi kiasi, hivyo kipimo kina nafasi nzuri ya kuwakamata, na mashine ya GeneXpert inaweza pia kuonyesha kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini.

Jina la skrofuloderma linakuambia kwamba ngozi haina kosa. Mwenye kosa yuko chini yake. Kwa hiyo usitosheke na dawa ya kidonda. Uliza tezi limeambukizwa na nani. Mara nyingi ni mtu mzima wa nyumba hiyo anayekohoa. Na katika familia za wafugaji uliza pia maziwa, kwani kuna ndugu wa bakteria huyu anayeishi kwa ng'ombe na kuingia kwa maziwa yasiyochemshwa, akipitia kooni kwenda kwenye matezi ya shingo. Najua maziwa mabichi yana heshima yake katika jamii nyingi. Chemsha tu.

Baka linalotambaa

Aina ya pili ina jina lililowachanganya watu wengi tangu simu zianze kujibu maswali ya afya: lupasi vulgarisi. Mtu anaandika "lupasi" anapata habari za ugonjwa wa kinga unaoshambulia viungo na figo, anaanza kulia. Ni magonjwa mawili tofauti. Neno lupus kwa Kilatini ni mbwa mwitu, na madaktari wa kale walilitumia kwa chochote kilichoonekana kuutafuna uso. Hili la kifua kikuu linatibika na kuisha.

Huanza na kipele kidogo, laini, chenye wekundu wa kahawia. Vipele vinaungana vikawa baka. Baka linatambaa polepole sana, miaka miwili, mitano, hata kumi, likiacha kovu katikati huku ukingo ukisonga mbele. Dalili inayosaidia ni hii: kipele kipya kinaota ndani ya kovu la zamani, mahali ulipodhani pamekwisha. Usoni linaweza kula pua na masikio. Katika nchi za joto mara nyingi huonekana matakoni na miguuni, mahali ambapo mtu anaweza kulificha miaka mingi bila kumwambia hata mwenzi wake.

Vitabu vinafundisha kulikandamiza baka kwa kipande cha kioo, damu ikasogea, ikabaki rangi ya manjano ya kahawia kama jeli ya tofaha. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu rangi hiyo huonekana kwa shida au haionekani kabisa, na "wekundu" unaosomwa humo huwa ni weusi uliozidi au uzambarau. Asipoiona hiyo jeli, daktari asifute ugonjwa kwa sababu hiyo.

Hapa bakteria ni wachache. Kwa kawaida wamekuja kwa damu au kwa mishipa ya limfu kutoka mahali pengine mwilini, ingawa mara chache sana baka limeanzia mahali pa chanjo ya BCG. Hilo la BCG lisikufanye umnyime mtoto chanjo. Inamkinga na TB ya ubongo, ambayo ni jambo jingine kabisa.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa janga la nyuso za Ulaya. Niels Finsen, daktari aliyezaliwa visiwa vya Faroe, aliutibu Copenhagen kwa mwanga mkali uliochujwa, mgonjwa akiketi chini ya taa saa kwa saa, siku baada ya siku. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo kazi yote hiyo inafanywa na vidonge.

Chunjua la mchinjaji

Fikiria mtu ambaye tayari kinga yake inamjua bakteria huyu, pengine aliambukizwa utotoni na mwili ukamfungia ndani. Sasa anajikata kidole machinjioni, au katika chumba cha maiti, au mtoto anatembea peku kwenye ardhi yenye makohozi. Bakteria wanaingia kutoka nje na kukutana na walinzi wanaowajua. Matokeo ni kipande kigumu kama chunjua, kinachokua taratibu, juu kikiwa na magamba na nyufa. Ukikiminya usaha hutoka kwenye nyufa hizo. Madaktari hukiita tuberkulosisi verukosa.

Laennec, Mfaransa aliyebuni kipimio cha kusikilizia kifua mwaka 1816, aliandika juu ya chunjua kama hilo kwenye kidole chake mwenyewe, alilolipata kwa kuwapasua maiti wa kifua kikuu. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1826.

Kama unafanya kazi machinjioni, buchani, maabara au mochwari na una "chunjua" moja lisilosikia dawa, taja kazi yako kabla hujaonyesha mkono. Bila hiyo habari, daktari ana sababu ishirini za kufikiria kitu kingine.

Yule ambaye kinga yake haijawahi kukutana na bakteria humtokea tofauti: wiki mbili hadi nne baada ya kuchomwa au kuchubuka, kinatokea kidonda kisichouma, na baadaye tezi la karibu linavimba. Hiki ni shanka cha kifua kikuu. Huonekana zaidi kwa watoto. Kutoga masikio, kuchanja chale na kutahiri kwa kifaa kisicho safi vyote vinaweza kuwa mlango.

Mbili za haraka

Vidonda vidogo vyenye maumivu makali kwenye ulimi, midomo, njia ya haja kubwa au sehemu za siri, kwa mtu aliyekonda na anayekohoa, vinaweza kuwa ni bakteria wanaotoka ndani kwa wingi na kupanda ugonjwa njiani. Na vipele vidogo vingi vya ghafla mwili mzima, vyekundu au vya zambarau, vyenye maji au kigaga juu, kwa mtoto mwenye homa kali au mtu ambaye VVU imeshusha kinga yake, vinaweza kuwa ni kifua kikuu kilichosambaa kwa damu. Hivi si vya kusubiri kliniki ya Jumatatu. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa damu pia huja majipu baridi ya mikono na miguu, hasa kwa watoto wenye utapiamlo, pasipo tezi wala mfupa mgonjwa chini yake.

Ngozi inayogombana na mgeni aliyeondoka

Kundi la mwisho ndilo linalonivutia kuliko yote, na ndilo linalowagombanisha wataalamu. Daktari Jean Darier aliliita tuberkulidi mwaka 1896. Hapa mtu ana TB mahali fulani, mara nyingi iliyojificha, na kinga yake ni kali mno. Vipande vya bakteria vinatupwa kwenye damu, vinafika ngozini, na ngozi inalipuka kwa hasira. Ukikata kipande na kukiotesha maabara, bakteria haoti. Wengine walifika kusema kwamba kifua kikuu hapa kinasingiziwa. Lakini vipimo vya vinasaba vimekuta alama zake katika baadhi ya wagonjwa, na dawa za TB zinawaponya. Kwangu mimi ushahidi huo unatosha.

Sura zake ni tatu. Kuna vipele vinavyokuja kwa makundi viwikoni, magotini na matakoni, pande zote mbili sawasawa, vikioza katikati na kuacha vishimo kama vya ndui. Kuna vipele vidogo sana, visivyowasha, kifuani na mgongoni mwa mtoto mwenye TB ya matezi au mifupa. Mama hudhani ni joto. Na kuna vinundu vigumu nyuma ya miguu, kwenye vigimbi, ambavyo Bazin wa Ufaransa alivieleza katika karne ya 19. Hivi huwapata zaidi wanawake. Huja na kuondoka, huzidi wakati wa baridi, vingine hupasuka. Dada mwenye vinundu hivyo hushauriwa apunguze kusimama, anunue soksi za kubana, na mwaka unaisha hivyo.

Kipimo cha Mantoux, ile sindano ndogo ya mkononi inayosomwa baada ya siku mbili au tatu, kwa wagonjwa hawa huvimba sana. Usishangae kifua kikitoka safi kwenye eksirei.

Ukifika hospitali

Anza na historia ya njia: nani anakohoa nyumbani, kazini unashika nini, unakunywa maziwa gani, uliwahi kutibiwa TB, tezi liliwahi kuvimba karibu na hapo. Sema pia ulichokwisha kutumia. Krimu zenye steroidi, zile zinazouzwa kama dawa ya kila upele, huituliza ngozi juu na kuuacha ugonjwa ukisambaa chini. Antibiotiki za jamii ya siprofloksasini hupunguza bakteria wa TB kwa muda na kupotosha vipimo.

Kipimo kikuu ni kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi. Hapa nakupa swali la kumuuliza anayekukata, kwa adabu: "Daktari, kipande cha kuotesha kiko wapi?" Kipande kinachokwenda kuangaliwa kwa darubini huwekwa kwenye fomalini, na fomalini inaua bakteria. Kinachokwenda kuoteshwa au kwenye GeneXpert kinatakiwa kuwekwa kwenye maji safi ya chumvi. Vyote viwili vikiingia chupa moja ya fomalini, umekatwa mara moja na utarudi kukatwa tena. Ongeza picha ya kifua, makohozi kama yapo, na kipimo cha VVU.

Vipimo vyote hivi vinatafuta pia magonjwa yanayofanana. Ukoma huleta baka lenye ganzi. Baka la lupasi hisia zake zipo. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda, nacho kina kingo zinazoning'inia kama za skrofuloderma. Fangasi wa ndani ya ngozi huiga chunjua la mchinjaji kwa ustadi wa kutisha. Leishmania ya ngozi, saratani ya Kaposi na kaswende zote zimewahi kuandikiwa jina la TB, na TB kuandikiwa majina yao. Kama hospitali yako imekwama, uliza kama wilaya au mkoa una mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, kwa hiyo huenda yupo karibu kuliko unavyodhani.

Dawa ni zilezile

Baada ya majina yote haya, tiba ni moja: miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Watoto wengine wenye hali nyepesi huandikiwa miezi minne tu. Mwenye TB ya mfupa chini ya ngozi huongezewa. Katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya dawa hizi hutolewa bure. Muda wenyewe wa miezi sita una mizizi hapa kwetu: majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi sita inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu.

Mkojo na machozi vitageuka rangi ya chungwa. Ni rifampisini, usiogope. Macho yakiwa ya manjano, au ukianza kuchanganya rangi nyekundu na kijani, rudi kliniki bila kusubiri tarehe. Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, hivyo ongea na muuguzi kuhusu njia nyingine. Ukiwa kwenye ARV waambie, kwa sababu dozi ya baadhi yake hubadilishwa. Na ukianza dawa, hasa ARV, matezi yanaweza kuvimba upya au kupasuka wiki za mwanzo. Hiyo huwa ni kinga inayoamka. Nenda ukaonekane, lakini usiache vidonge.

Ngozi peke yake haiambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Kidonda kinachotoa usaha kifunikwe, na bandeji zake zitupwe salama. Hatari kwa wenzako iko kama mapafu nayo yanaumwa, na ndiyo sababu ya kupimwa makohozi hata kama hukuja kwa kikohozi. Watoto walio chini ya miaka mitano nyumbani wapelekwe wakaangaliwe. Wanaweza kupewa dawa za kuzuia.

Tazamia mabadiliko ndani ya wiki nne hadi sita: baka linasinyaa, usaha unakauka, vipele vipya vinakoma. Kama wiki sita zimepita na hakuna kilichobadilika, ama jina lilikosewa ama bakteria ni sugu. Dai uchunguzi upya. Kovu litabaki, na la shingoni linaweza kuhitaji mpasuaji alinyooshe baadaye. Na kovu la lupasi iliyokaa miaka mingi liangalie kila mwaka mbele ya kioo. Likianza kuota nyama, kuvuja damu au kufanya kidonda kipya chenye kingo ngumu, usidhani TB imerudi tu. Makovu hayo ya zamani yanaweza kuzaa saratani ya ngozi, na daktari atahitaji kukata kipande kingine.